MUUGUZI WA ZAMU SI MKANDARASI

Ndugu wanachama, na ninyi wafanyikazi wote mtakaoisoma karatasi hii ama kusomewa,

Yako maneno yanayopita katika mahospitali siku hizi, na yafaa tuyatazame vizuri kabla hayajawa desturi. Muuguzi amesoma miaka yake, amefanya mtihani, Baraza la Wauguzi limempa leseni. Aenda kutafuta kazi. Aambiwa hivi: "Nafasi ya kuandikwa hakuna, lakini zamu ziko. Utakuwa mtu wa kujitegemea. Utachagua siku zako mwenyewe, na hakuna atakayekusumbua." Halafu hupewa karatasi ya kutia sahihi. Ndani yake imeandikwa kwamba yeye si mwajiriwa wa hospitali, ila ni mkandarasi, sawasawa na mtu aliyekuja kupaka ukuta rangi ama kuchimba kisima. Wauguzi wenyewe huiita kazi hii lokamu.

Sisi twasema wazi tangu mwanzo: kuchagua zamu ni jambo jema, na hatutaki kumnyang'anya mtu. Lakini kuchagua zamu hakumfanyi muuguzi kuwa mkandarasi. Haya ni mambo mawili mbali mbali, na wenye mahospitali wameyafunga katika furushi moja ili ukitaka la kwanza ulichukue na la pili. Kazi yetu ni kulifungua furushi hilo.

KIBARUA NI NENO LA ZAMANI

Watu wa pwani wajua neno kibarua lilikotoka. Ni barua ndogo. Mtu wa kazi ya siku alipewa kijikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya kazi, akakipeleka, akapata ujira wake, na kesho yake asubuhi hakuna aliyemjua. Mwisho jina la karatasi likawa jina la mtu.

Bandarini Mombasa kazi ya kupakia na kupakua ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Meli ikija watu waitwa, meli ikiondoka watu warudi majumbani na mikono mitupu. Matajiri wa wakati ule walikuwa na jibu lao tayari: walisema kwamba watu wenyewe wapenda kibarua, kwa sababu wataka uhuru wa kwenda shambani ama kupumzika wapendapo. Na kweli wako waliopenda. Lakini uhuru ule haukulipa kodi ya chumba siku ambayo meli haikuja, wala haukumlisha mtu aliyevunjwa mguu na mzigo.

Wafanyikazi wa Mombasa waligoma mwaka 1939. Januari 1947 waligoma tena, na safari hiyo mji ulisimama. Mwaka 1955 watu wa bandari waligoma, na Tom Mboya akaenda kuwasaidia katika mapatano, wakapata nyongeza ya mshahara. Hatua kwa hatua kazi ya bandari ikatolewa katika kibarua cha siku, ikawa kazi ya mwezi. Hakuna tajiri aliyeamka asubuhi akawapa haki hiyo kwa huruma. Ilidaiwa.

Leo kijikaratasi kile kimerudi, ila hakishikwi mkononi. Kimekuwa ujumbe katika simu: "Nani anaweza zamu ya usiku leo, wadi ya akina mama?" Anayejibu kwanza apata. Asiyejibu upesi angojee kesho. Zamani aliyengojea alikuwa mpagazi penye lango la bandari. Leo ni mtu mwenye cheti na leseni, naye angojea nyumbani, simu mkononi. Kungojea ni kule kule.

KWA NINI WAUGUZI WAIKUBALI

Wako wanachama wanaosema, "Waache, wamejitakia." Ndugu, hayo si maneno ya chama. Kwanza tuulize kwa nini mtu hukubali.

Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya serikali za kaunti, na nafasi za kazi huko hazitoshi kuwachukua wauguzi wote wanaohitimu. Mtu aliyemaliza chuo na ana deni la karo hawezi kungoja tangazo la kaunti mwaka baada ya mwaka. Zamu moja ni chakula cha juma.

Pili, yuko mama mwenye mtoto mchanga, awezaye kufanya kazi usiku wa siku tatu tu wakati dada yake yuko nyumbani. Yuko kijana anayesomea digrii mchana. Yuko mwenye mzazi mgonjwa. Yuko anayengoja karatasi zake za kwenda Uingereza chini ya mapatano ambayo serikali zetu mbili zilitia sahihi mwaka 2021. Na yuko mwenzetu aliyeandikwa kazi mahali, lakini mshahara haufiki mwisho wa mwezi, kwa hivyo siku yake ya kupumzika huiuza kwa hospitali nyingine ili alipe karo.

Hawa wote si wajinga. Wana haja ya kweli ya kazi inayopindika kufuata maisha yao. Ndiyo sababu twasema chama kisisimame kupiga vita zamu za kuchagua. Chama kisimame kuuliza: kwa nini bei ya kuchagua siku yako iwe ni kupoteza likizo, matibabu, akiba ya uzee na haki ya kusikilizwa?

NANI MWENYE AMRI KATIKA WADI?

Tumtazame mkandarasi wa kweli. Fundi wa nyumba huja akaiona kazi, akasema bei yake, mkavutana mpaka mkapatana. Huja na nyundo yake na msumeno wake. Akiwa na safari, humtuma kijana wake na kazi huendelea. Akitaka kuanza saa mbili ama saa nne, ni shauri lake, mradi nyumba iishe siku mliyoagana. Akipata kazi nzuri zaidi, faida ni yake.

Sasa tumtazame muuguzi wa zamu. Bei ya zamu imewekwa na hospitali. Hukubali ama huondoka. Saa ya kuingia imewekwa na hospitali, na akichelewa hukatwa. Wadi huchaguliwa na metroni. Wagonjwa ni wa hospitali, vitanda ni vya hospitali, dawa ni za hospitali, kitabu cha kuandikia ni cha hospitali. Hufuata amri za daktari na kanuni za mahali pale kama muuguzi mwingine yeyote. Hawezi kumtuma rafiki yake ashike zamu kwa niaba yake. Na mgonjwa akilipa, hulipa kwa karani wa hospitali, wala muuguzi hajui ni shilingi ngapi.

Basi, huyu ni mkandarasi wa nini? Hana biashara. Hana mteja. Ana mwajiri anayekataa kuitwa mwajiri. Tofauti yake na mwenzake aliye kitanda cha pili ni moja tu: huyu ameandikwa katika daftari, na yule ameandikwa katika simu.

TUPIGE HESABU

Wengine hudanganywa na fedha, kwa sababu zamu wakati mwingine hulipwa mapema, tena makato huonekana kidogo. Basi tupige hesabu ya mfano, kila mtu aifanye tena kwa bei ya kwao.

Tuseme zamu ni shilingi 1,500, na muuguzi afanya zamu 22 kwa mwezi. Apata shilingi 33,000. Kwa mwaka amefanya zamu 264.

Mwenzake aliyeandikwa kwa mshahara ule ule ana haki ya likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka kwa mshahara. Kwa bei ya siku hiyo ni shilingi 31,500. Akiugua, baada ya kutumika miezi miwili ana haki ya siku 7 za mshahara mzima na siku 7 za nusu mshahara katika mwaka. Akiugua siku zote 14, hiyo ni shilingi 15,750. Mwajiri wake humwekea katika NSSF asilimia 6 ya mshahara, juu ya asilimia 6 anayokatwa mwenyewe. Sehemu ya mwajiri ni shilingi 1,980 kwa mwezi, yaani shilingi 23,760 kwa mwaka.

Jumlisheni: shilingi 71,010. Gawanyeni kwa zamu 264. Mwapata karibu shilingi 270 kwa kila zamu. Hizo ndizo fedha zinazobaki mfukoni mwa mwenye hospitali kila mara muuguzi anapoitwa mkandarasi. Na hapo hatujahesabu likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, ambayo kwa mfano wetu ni shilingi 99,000. Wala hatujahesabu notisi ya kuachishwa kazi, kwa maana mkandarasi haachishwi: huacha tu kuitwa.

Tena kodi. Anayelipwa kama mkandarasi huweza kukatwa asilimia 5 papo hapo kama mfanya biashara, kisha mwisho wa mwaka apeleke hesabu zake mwenyewe kwa watu wa kodi. Nauli ya usiku ni yake, sare ni yake, ada ya leseni ni yake, mafunzo yanayotakiwa ili leseni irudishwe upya ni yake. Ukitoa yote hayo, ile shilingi iliyoonekana kubwa imeingia maji.

SINDANO HAIULIZI

Liko jambo zito kuliko fedha. Kazi ya uuguzi ina hatari. Sindano iliyomtumbukia mtu kidoleni saa tisa ya usiku haiulizi kama ameandikwa ama hakuandikwa. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi baada ya ajali kama hiyo zatakiwa kuanzwa upesi, wala zisipite saa 72, na humezwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini aina ya B huchomwa mara tatu. Je, ni nani humpa muuguzi wa zamu chanjo hiyo? Ni nani huandika ajali yake katika kitabu? Ni nani hulipa siku alizokaa nyumbani kwa sababu dawa zimemlegeza?

Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awakatie wafanyikazi wake bima. Ukiitwa mkandarasi, utaambiwa kwamba bima hiyo haikuhusu. Mgongo ukiteguka kwa kumwinua mgonjwa, ni mgongo wako. Na wengi, kwa kuogopa kutoitwa tena, huchomwa na sindano wakanyamaza kimya. Huo ndio uhuru unaosifiwa.

Na mgonjwa naye? Mgonjwa ni mfanyikazi mwenzetu, ama mke wake, ama mtoto wake. Muuguzi aliyetupwa katika wadi asiyoijua, hajaonyeshwa kabati la dawa za dharura liko wapi, hajui ni daktari gani yuko zamu, hawezi kufanya kazi yake kama alivyofundishwa, hata awe hodari namna gani. Tena yule aliyetoka zamu ya mchana mahali pamoja akaingia zamu ya usiku mahali pengine, macho yake yaona dawa mbili mahali palipo moja. Shauri la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1977 kuhusu wauguzi lasema kwamba siku ya kazi, pamoja na saa za ziada, isizidi saa 12, na kati ya zamu na zamu pawe na pumziko la saa 12 mfululizo. Mkandarasi hana wa kumhesabia saa. Kila hospitali huhesabu zamu yake tu, na mwili wa mtu ni mmoja.

SHERIA YASEMAJE

Ndugu, msiogope karatasi mliyotia sahihi. Mahakama ya kazi haitazami jina lililoandikwa juu ya karatasi peke yake. Hutazama mambo yenyewe yalivyo: nani alitoa amri, nani aliweka saa, vyombo ni vya nani, na mtu huyu alikuwa sehemu ya shughuli ya mahali pale ama alikuwa na biashara yake mwenyewe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba mtu wa kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, ama akifanya kazi isiyotazamiwa kwisha katika muda ambao jumla yake ni miezi mitatu ama zaidi, basi mapatano yake huhesabiwa kuwa ya mshahara wa mwezi. Na je, kazi ya kuuguza wagonjwa katika wadi hutazamiwa kwisha lini? Wagonjwa watakwisha mwezi ujao?

Hapo ndipo hila huingia. Zamu zikikatwa vipande vipande, mwajiri husema siku hazikufuatana. Kwa hivyo ushahidi ni silaha yenu. Wekeni nakala ya kila ratiba ya zamu. Msifute ujumbe wa kuitwa kazini. Wekeni ujumbe wa M-Pesa ama karatasi ya benki ya kila malipo. Andikeni katika daftari dogo tarehe, wadi, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na jina la aliyekuwa msimamizi. Mtu mwenye daftari la mwaka mmoja husikilizwa kuliko mwenye machozi ya mwaka mmoja.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyikazi haki ya ujira wa haki, hali nzuri ya kazi, na kuingia katika chama. Na mkataba wa wauguzi wa Shirika la Kazi Duniani, Namba 149 wa mwaka 1977, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, wataka wauguzi wapate hali isiyopungua ile ya wafanyikazi wengine wa nchi katika saa za kazi, pumziko la juma, likizo ya mwaka, likizo ya uzazi, likizo ya ugonjwa na hifadhi ya jamii. Serikali imeahidi hayo mbele ya dunia. Twaidai ahadi hiyo hapa nyumbani.

TUTAZAME NCHI ZA WENGINE

Kutazama kwa wenzetu kuna faida, kwa sababu jambo hili kule limetangulia, na wauguzi wengi kutoka Kenya wako huko kazini.

Marekani yako makampuni ya programu za simu yanayowapa wauguzi zamu kama vile gari za teksi zinavyopewa abiria. Desemba 2024 taasisi iitwayo Roosevelt Institute ilitoa taarifa juu ya kazi hiyo, baada ya kuzungumza na wauguzi na wasaidizi wao. Katika baadhi ya programu hizo wauguzi hushindana kwa bei, na anayetaja ujira mdogo zaidi ndiye apataye zamu. Huo ni mnada, na kinachouzwa ni jasho. Programu humpa muuguzi alama, na akifuta zamu, hata kwa ugonjwa, alama zaweza kushuka na zamu zikapungua. Na kwa sheria ya nchi ile, tangu mabadiliko ya mwaka 1947, mkandarasi hana ulinzi wa kuunda chama na kupatana na mwajiri kwa pamoja. Mwaka ule ule ambao Mombasa iligoma, Marekani ilikuwa ikimfungia mkandarasi mlango wa chama.

Lakini liko na la kutia moyo. Katika jimbo la Virginia, kampuni moja ya kupeleka wauguzi mahospitalini na katika nyumba za wazee iliwaita wakandarasi. Wizara ya Kazi ya Marekani ikaipeleka mahakamani. Mwaka 2022 jaji akaamua kwamba wale ni waajiriwa, na mwaka 2023 mahakama ya rufani ikakubaliana naye. Wauguzi zaidi ya elfu moja walihusika, na kampuni ikaamriwa kulipa mamilioni ya dola ya malimbikizo na fidia. Walikuwa wakichagua zamu zao, na bado mahakama ilisema ni waajiriwa.

Tena yako makampuni huko huko, kama ShiftMed, yanayotumia simu hiyo hiyo na zamu hizo hizo za kuchagua, lakini huwaandika wauguzi wao kuwa waajiriwa. Na Uingereza, hospitali za serikali zina orodha ya wauguzi wa akiba. Muuguzi huchagua zamu apendazo, na bado hujiwekea malipo ya likizo na huweza kuingia katika akiba ya uzee. Basi asije mtu akatuambia kwamba haiwezekani. Yawezekana, ila ina gharama, na gharama hiyo ndiyo isiyotakiwa kulipwa.

JIBU KWA WENYE MAHOSPITALI

Hatusemi kwamba hawana neno. Mwenye hospitali ndogo husema: "Wagonjwa huongezeka na kupungua. Siwezi kuandika watu kwa ajili ya msimu wa malaria halafu wakae bure." Na husema pia kwamba malipo ya bima ya afya ya Serikali humfikia kwa kuchelewa.

Twamjibu kwa heshima. Muuguzi wa kuziba pengo atakuwapo siku zote, na hatukatai. Mtu akienda likizo ya uzazi, mahali pake pazibwe. Lakini pengo la siku tatu ni pengo. Pengo la miaka mitatu ni kazi. Wadi ikiendeshwa kwa zamu za lokamu mwezi baada ya mwezi, na nyuso ni zile zile, huko si kuziba pengo, ni kukwepa kuandika. Na kuhusu bima, deni la Serikali lidaiwe kwa Serikali. Lisilipwe kwa likizo ya muuguzi.

KWA NINYI MLIOANDIKWA

Sasa neno kwa wanachama wenye nambari ya kazi. Wako wanaomwita muuguzi wa zamu "mpita njia." Humpa wagonjwa wazito peke yake, humnyima ufunguo wa kabati, na kosa likitokea jina lake ndilo la kwanza kuandikwa.

Ndugu, fikirini. Mwenzenu akistaafu na mahali pake pasijazwe, ila paitwe watu wa simu, nafasi iliyokufa ni ya chama. Wakistaafu watano, chama kimepungua watano. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yataka chama kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyikazi wanaostahili kuwa wanachama ndipo mwajiri alazimike kukitambua. Siku itafika mwajiri atasema, "Ninyi ni wachache, sina haja ya kupatana nanyi." Na mkitaka nyongeza, atawaonyesha orodha ya majina katika simu yake. Hatakuwa ameleta adui kutoka mbali. Atawatumia wenzenu mliokataa kuwaita ndugu.

Ulinzi wa aliyeandikwa ni kumvuta asiyeandikwa ndani ya chama. Hakuna njia nyingine.

TUNAYOTAKA

Ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba tunalalamika tu, haya ndiyo madai tunayotaka yapelekwe katika kila meza ya mapatano:

1. Muuguzi yeyote wa zamu apewe karatasi ya mapatano yenye jina la mwajiri, bei ya zamu, na siku ya malipo. Neno mkandarasi lifutwe.

2. Atakayefanya zamu za kufikia kiasi cha sheria ahesabiwe mfanyikazi wa mwezi, bila kulazimika kwenda mahakamani.

3. Anayetaka kubaki katika zamu za kuchagua abaki, lakini apate likizo, malipo ya ugonjwa na NSSF kwa kadiri ya zamu alizofanya.

4. Bei ya zamu isiwe chini ya ujira wa siku wa muuguzi aliyeandikwa wa daraja lile lile. Kazi sawa, malipo sawa.

5. Bima ya ajali, chanjo, na dawa za dharura baada ya sindano ziwe za kila anayeingia wadini, bila kuuliza daftari.

6. Kabla ya zamu ya kwanza katika wadi mpya, muuguzi aonyeshwe mahali, na saa hizo zilipwe.

7. Zamu iliyofutwa na hospitali wakati mtu amekwisha kufika ilipwe. Nauli ya usiku hairudi yenyewe.

8. Wauguzi wa zamu waingie chamani, wawe na mjumbe wao katika kamati ya kila hospitali, na ada yao ilingane na zamu wanazopata.

Wajumbe wa matawi, tunaomba kila mmoja ahesabu katika hospitali yake: wangapi wameandikwa, wangapi ni wa zamu, na nafasi ngapi za waliostaafu hazikujazwa. Hesabu hiyo iletwe katika mkutano wa tawi. Mwajiri ana hesabu yake. Na sisi tuwe na yetu.

Na wewe muuguzi wa zamu uliyepewa karatasi hii na rafiki: umeambiwa kwamba uko huru kwa sababu hakuna anayekulazimisha kuja kazini. Jiulize, siku utakapougua, ni nani atakayelazimika kukukumbuka? Njoo tawini. Njoo na daftari lako. Siku utakayochagua ni yako, lakini haki ni yetu sote, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja ni nguvu.